Baiskeli kwa aliyevuka hamsini: ipi ya Unguja, ipi ya Pemba

Siku niliyoanguka sikuwa hata nimeanza kwenda. Ijumaa, kanzu mwilini, nimeshika usukani wa Phoenix ya inchi 28, narusha mguu nyuma kupita juu ya kiti kama nilivyozoea tangu ujana. Kanzu ikanasa kwenye ncha ya kiti. Nikaenda chini pamoja na baiskeli, nikajikinga kwa kiganja, na kifundo cha mkono kikavimba hata saa ikawa haivuki. Tangu hapo mtu mzima akiniuliza anunue ipi, namuuliza kwanza: utapandaje, na utashukaje?

Ya kwanza kwangu ni mtumba wa Kijapani wa fremu ya chini, ile wanayoiita ya kike. Wanaume wenzangu wanaona haya. Mie yangu ni ya rangi ya waridi na ina kikapu. Mguu unapita mbele ya kiti, si juu yake, na cheni mara nyingi imefunikwa, hivyo kanzu wala baibui haliingii. Baadhi zina gia tatu ndani ya habu, yaani kitovu cha gurudumu, ya nyuma. Breki ya nyuma nayo hushika habuni badala ya rimu, kwa hiyo mvua za masika haziisumbui sana.

Adui wake ni chumvi. Ikikaa nje karibu na pwani, bomba la kiti hugandana na fremu kwa kutu, kiti kisishuke tena. Kabla hujatoa pesa, muuzaji alegeze nati akishushe mbele ya macho yako. Akikwambia "hilo utamwona fundi", nenda duka jengine. Ukikaa, vidole vya miguu yote miwili viguse ardhi. Goti litalalamika kidogo, lakini goti huchuliwa mafuta likatulia. Nyonga ikivunjika ni habari nyengine.

Ya pili ni ya milimani, yenye gia nyingi, na kwa Pemba naipandisha iwe ya kwanza. Kutoka Paje hadi Jambiani na Makunduchi ni tambarare, gia moja inakufikisha. Pemba ni kilima baada ya kilima. Tafuta ambayo bomba lake la juu limeinama, na tairi ziwe pana, maana ukipisha daladala ukaingia kwenye mchanga wa ukingoni, tairi nyembamba huzama na usukani ukageuka.

Phoenix mpya naiweka ya tatu, na inaniuma. Ni ngumu, fundi yeyote anaijua, keria inabeba gunia. Lakini bomba lake liko juu, uzito wake ni kama kilo 20, na breki za vyuma zikikuta rimu imelowa huteleza kwanza ndipo zishike.

Ya umeme ni rehema kwa mwenye pumzi fupi, ila ni nzito ikikulalia, na betri ikifa ujue nani atakuletea nyengine. Ya mashindano, ya kukunja mgongo, mwachie mjukuu.

Helmeti nunua mpya. Ya mtumba huenda imeshapiga chini mara moja, na ufa wa ndani hauuoni kwa nje.

Ukiifikisha nyumbani, isukume ukitembea kwa miguu, ubane mkono wa breki mmoja mmoja, ujue upi ni wa breki ya mbele. Ukiubana huo peke yake kwa nguvu kwenye mteremko, utapita juu ya usukani.