Kigoda au kumchungulia?

Mtoto wa miaka mitano anayeogopa giza, hapa Ujiji, utamzoezaje kulala peke yake? Kuna kigoda: unakaa kando ya chandarua chake mpaka asinzie, na kila baada ya siku mbili tatu unakisogeza kuelekea mlangoni, hadi siku unakitoa nje kabisa. Huchukua wiki kadhaa, na mgongo utakuuma. Kuna kumchungulia: unamuaga, unatoka, unarudi baada ya dakika 5, kisha 10. Ni haraka zaidi, ila mwenye hofu ya kweli naona unamwachia giza lake. Mimi nachukua kigoda. Dirisha likitazama ziwa, mwonyeshe taa za wavuvi wa dagaa. Zisipoonekana, huenda mbalamwezi inawaka na wavuvi wamepumzika.