Twenty Twenty-Five kwenye karakana ya Keko: uzoefu wangu na templeti ya bure ya WordPress

Natengeneza tovuti za biashara ndogo hapa Dar es Salaam. Wateja wengi wanaponijia wanakuwa wameshapenda templeti fulani, yaani mwonekano wa tovuti uliokwisha kutengenezwa, waliyoiona kwenye laptopu ya mtu: picha za maghorofa ya vioo, maandishi yanayoingia kwa madoido kutoka pembeni, watu wanaotabasamu mezani. Leo naandika kuhusu Twenty Twenty-Five, templeti ya bure inayokuja na WordPress yenyewe, programu ya kujengea na kuendesha tovuti, ambayo nimeitumia kujenga tovuti ya karakana ya samani pale Keko, Temeke. Nimeipenda na ninaendelea kuitumia. Ila kuna vitu ni lazima uvirekebishe kabla hujamkabidhi mteja, na vitu hivyo huwezi kuviona ukiwa umekaa ofisini na pazia limefungwa.

Kwa wasioifahamu: WordPress ilianza 2003, na tangu 2010 imekuwa ikitoa templeti yake ya msingi karibu kila mwaka, jina likifuata mwaka. Hii ilitoka Novemba 2024 pamoja na toleo la 6.7. Ni templeti ya bloku (vipande vya ukurasa kama aya, picha au kitufe), maana yake sehemu ya juu, menyu, mwili na sehemu ya chini ya ukurasa vyote unavipanga ndani ya kihariri kimoja bila kugusa msimbo. Kwa templeti za msingi utaratibu huo ulianza na Twenty Twenty-Two. Ndani yake kuna makumi ya mipangilio iliyokwisha kuchorwa, pamoja na mitindo minane ya rangi na fonti iliyopewa majina ya nyakati, kuanzia macheo hadi usiku wa manane.

Ukitazama mipangilio hiyo utavutiwa: picha za maua, nafasi nyeupe ya kutosha, vichwa vya habari vimetulia. Mimi huanza kwa kuviondoa vyote. Nafuta picha za mfano, nafuta maandishi ya mfano, naweka maneno ya mteja mwenyewe na picha alizopiga kwa simu yake. Templeti nyingi huanguka hapohapo, kwa sababu uzuri wote ulikuwa wa mpiga picha.

Na picha za fundi wetu zilikuwa mtihani kweli. Kitanda cha mninga kimesimamishwa nje ya karakana, nusu kivulini nusu juani, nyuma yake bodaboda imepaki, chini vumbi la randa limetapakaa. Kabati limepigwa wima, sofa imepigwa kwa ulalo, meza imekatwa mguu mmoja. Twenty Twenty-Five ilivumilia. Bloku ya picha inakuruhusu kuchagua uwiano mmoja, nikaweka 4:3 kwa zote, zikapangika kwenye safu zake bila kuvutwa wala kubanwa. Usuli mweupe na maandishi ya karibu na weusi kamili havishindani na wekundu wa mninga uliopigwa vanishi. Rangi ya njano iliyomo kwenye seti yake ya msingi niliitoa. Ikikaa jirani na mbao, mbao inaonekana imepauka, na fundi aliliona hilo kabla sijamwambia. Jicho la mtu aliyezoea kuchagua mbao kwa kuzigeuza juani siyo la kubeza kwenye kazi ya rangi, na tangu hapo namshirikisha mwenye biashara mapema katika hatua hiyo.

Sasa nije kwenye kasoro kubwa. Maandishi ya kawaida ya templeti hii yamewekwa fonti ya Manrope kwa uzito wa 300, yaani herufi nyembamba. Kwenye skrini nzuri ndani ya chumba yanapendeza sana. Tulitoka nje saa saba mchana, tukasimama mbele ya karakana na simu ya bei ya chini, kioo cha juu kimechubuka, mwanga umepunguzwa kama watu wengi wanavyofanya ili chaji ifike jioni. Vichwa vya habari vilisomeka. Aya za chini yake zilibaki mistari ya kijivu, na bei, kitu ambacho mteja amekuja kukitafuta, ilibidi uinamishe simu na kuikinga kwa kiganja ndipo uione. Kwa vipimo vya kitaalamu hakuna kosa: WCAG, mwongozo wa kimataifa wa kufanya tovuti zitumike na watu wote, unataka tofauti ya rangi ya angalau 4.5 kwa 1 kwa maandishi ya kawaida, na kijivu cha templeti hii, chenye msimbo wa rangi #686868, juu ya nyeupe kinafikia karibu 5.6. Namba imefaulu, lakini hesabu hiyo inaangalia rangi tu, haiangalii wembamba wa herufi wala jua la Keko. Nilipandisha uzito hadi 400, bei nikazipa 600, kijivu nikakiondoa kabisa kwenye chochote ambacho mteja anatakiwa kukisoma. Kazi yote inafanyika kwenye sehemu ya mitindo ndani ya kihariri, na haihitaji plagini, yaani programu ndogo ya nyongeza.

Upande wa bando sina la kulalamikia. Fonti zinakaa kwenye seva yako mwenyewe, hakuna picha zinazojibadilisha zenyewe juu ya ukurasa, hakuna madoido ya kupakua kwanza. WordPress yenyewe hutengeneza saizi kadhaa za kila picha ili simu ipewe ndogo, kitu kilichoanza na toleo la 4.4 mwaka 2015, na tangu toleo la 5.5 la 2020 picha za chini haziitwi mpaka mtu asogee kuzikaribia. Google hupendekeza kitu kikubwa zaidi kwenye ukurasa kionekane ndani ya sekunde 2.5. Ukurasa wa vitanda ulifikia hapo kwa mtandao wa simu wa kawaida, baada ya mimi kupunguza picha hadi upana wa pikseli 1600 kabla ya kuzipandisha. Hatua hiyo msiiruke. WordPress huipunguza picha inayozidi pikseli 2560, lakini hata hiyo 2560 bado ni mzigo kwa mtu aliyenunua bando la saa moja.

Kuna jambo ambalo templeti yoyote ile haitakupa, nalo linapatikana kwa kukaa karakanani na kusikiliza. Mteja akifika Keko haulizi historia ya kampuni wala dira na dhamira. Anauliza: "Tano kwa sita shilingi ngapi? Hii mninga au mkongo? Nikitoa oda leo nakipata lini? Kimara mnaleta?" Nilikaa kwenye benchi huku wanapiga msasa, nikawa naandika maswali jinsi yanavyokuja, na mfuatano wake ndio uliokuwa mpangilio wa ukurasa. Picha, halafu vipimo kwa futi, halafu aina ya mbao, halafu bei ya kuanzia, halafu muda wa kukamilisha, halafu maeneo ya kupeleka. Mipangilio ya kuvutia ya mwanzo wa ukurasa sikuitumia hata mmoja. Nilichukua safu za kawaida kabisa nikazijaza hayo.

Chini ya kila samani kuna kitufe cha WhatsApp. WordPress haiji na fomu ya mawasiliano, ni lazima uongeze plagini, lakini hapa haikuwa na kazi. Kiungo cha wa.me, kinachofungua mazungumzo ya WhatsApp moja kwa moja, chenye namba inayoanza na 255 kinatosha, na unaweza kukitangulizia ujumbe, kwa hiyo mteja akibofya anakuta tayari kumeandikwa "Naulizia kitanda 5 kwa 6 cha mninga". Fundi anajibu kwa sauti kwa sababu mikono yake ina gundi muda mwingi, na mteja anasikia mashine zikinguruma nyuma, anajua amempata mwenyewe. Angalizo dogo: vitufe vya mipangilio ya templeti vimechorwa kwa maneno mafupi ya Kiingereza. Ukiweka "Uliza bei ya kitanda hiki" kwenye vitufe viwili vilivyo bega kwa bega, vinavunjika mistari mitatu. Vipange wima, kimoja juu ya kingine, kwa upana wote wa skrini. Kidole gumba nacho kitashukuru.

Tovuti ilitoka pia nje ya simu. Mchoraji wa mabango aliandika anwani yake juu ya mlango wa karakana, na ndiyo sababu tulitafuta jina fupi la .co.tz linalosomeka na mtu aliye ndani ya daladala inayopita. Orodha ya vipimo na bei tuliichapa kwa fonti ileile tukaibandika ukutani, maana wanaofika kwa miguu bado ni wengi, na bei ya ukutani ikipishana na ya kwenye simu, ugomvi hauishi. Kila bei ikibadilika, karatasi inabandikwa upya siku hiyohiyo.

Anayeisimamia sasa ni binti wa fundi, anatumia simu. Kuongeza samani mpya, kubadilisha bei na picha, hayo anayafanya bila shida. Kupanga upya ukurasa mzima kwa simu sikushauri. Kihariri cha tovuti kinabana mno kwenye skrini ndogo. Nimempa nafasi ya Mhariri, siyo ya msimamizi mkuu, na nafasi hiyo haifungui kihariri cha tovuti, kwa hiyo menyu na mitindo viko salama hata akibonyeza kwa bahati mbaya.

Kwa karakana, gesti, shule, kikundi cha ushonaji, yeyote anayetaka kuonekana na kupigiwa simu, naipa Twenty Twenty-Five nyota nne kati ya tano, na nyota iliyokosekana ni ya zile herufi nyembamba. Anayetaka kuuza na kupokea malipo papo hapo atahitaji plagini ya duka, na hapo aanze kwa kuangalia duka lenyewe linavyokaa kwenye simu ndogo ndipo afikirie mwonekano. Ukiisakinisha, pandisha uzito wa maandishi kwanza, toka nayo nje mchana, mpe simu mtu ambaye hajawahi kuiona, umwombe akutajie bei ya kitanda cha tano kwa sita.