GRO ya Uingereza kwa wanaosaka ukoo: nyota 4, na vile vyeti vya zamani vinavyochanganya

Kama umeoa au kuolewa Uingereza, au kuna babu Mwingereza aliyepita kwenu akaacha damu, hii huduma ya GRO, yaani ofisi kuu ya usajili ya England na Wales, naipa nyota 4 kati ya 5. Mi nimeitumia kumtafutia mama mkwe wangu watu wake wa Lancashire, na jamani, pesa ndogo ila umbea wake ni wa karne nzima.

Akaunti bure, kutafuta jina bure. Unajaza jina la ukoo, jinsia na mwaka, inakuruhusu kwenda mbele au nyuma miaka 2 tu basi, hapo ndo nimekata nyota moja maana ukiwa huna uhakika na mwaka utabofya mpaka vidole viume. Ila utamu wake ni kwamba inakupa jina la ukoo la mama kabla hajaolewa kuanzia 1837 usajili ulipoanza, wakati orodha za zamani zilizochapwa zilianza kuliweka 1911. Ukikuta kistari tu pale kwa mama, mara nyingi ujue hakuwa ameolewa. Na kama mtoto humuoni kabisa, angalia walioandikwa bila jina, wapo wengi, wazazi walienda kusajili hawajakubaliana mtoto aitwe nani.

Bei: nilivyonunua mimi picha ya kidijitali ilikuwa pauni 3 na inafunguka hapohapo, PDF pauni 8 na unasubiri, cheti cha karatasi pauni 12.50. Chukueni picha. Ipo kwa waliozaliwa tangu 1837 hadi kama miaka 100 iliyopita. Kuna tovuti moja siitaji jina inakuuzia karatasi ileile kwa bei ya kukupiga, ikimaliza inakwenda kuagiza hukohuko, usiingie mkenge.

Sasa kazi ipo kwenye kusoma. Cheti cha babu yake mama mkwe, 1884, kwenye safu ya kwanza chini ya tarehe kuna saa, saa moja na dakika arobaini usiku. Mama mkwe akasema mkunga wa siku hizo alikuwa makini bwana, mi nikamwambia hapana mama, England saa wanaiandika wakizaliwa mapacha. (Miaka ya mwanzo kabisa wasajili wengine waliandika saa kwa kila mtoto, kwaiyo hakikisha kwanza.) Tukarudi kwenye orodha, robo ileile ya mwaka, wilaya ileile, jina la mama lilelile, huyo hapo wa pili, msichana. Tukaenda upande wa vifo, yupo pia, umri 0. Huko kwetu angeitwa Doto na kila mtu angejua kwamba Kulwa alikuwa na mwenzie, huku mjukuu kafika uzeeni hajui kama babu alikuwa pacha. Alinyamaza kidogo akaniambia haya weka chai.

Mengine yanayobabaisha watu: safu ya baba ikiwa tupu, wengi wanakimbilia kusema baba hajulikani. Si lazima. Kuanzia 1875 na kwa miaka mingi baadaye, kama hawajaoana baba alikuwa anaandikwa tu akija mwenyewe na mama wakasaini wote, asipotokea palibaki wazi hata kama mtaa mzima unamjua. Tarehe nayo usiiamini kama msahafu, mwisho wa kusajili ni siku 42, kwaiyo mzazi aliyechelewa angeweza kuisogeza tarehe mbele kidogo kukwepa usumbufu. Ukiona mtoto kabatizwa kabla ya kuzaliwa, ndo hiyo. Halafu kuna anwani ya mtaa na namba tu, safi kabisa, kumbe ni nyumba ya maskini, maana 1904 wasajili walishauriwa wasiitaje ili mtoto asije akasimangwa ukubwani. Hapo niliwaheshimu. Na ukipewa kile cheti kifupi kilichoanza 1947, hakina wazazi, kwa ukoo hakikusaidii kitu, agiza kirefu.

Kitu kingine, ile alama ya X ya mama asiyejua kuandika, msifurahi mkadhani ndo mkono wake. Wasajili walikuwa wanakopi madaftari yao kila robo mwaka na kupeleka London, picha ya GRO ni ya hiyo kopi, kwaiyo X ni ya msajili. Saini na X halisi ziko kwenye daftari la ofisi ya wilaya, huko ndo uombe kama unautaka mkono wa mtu wako.

GRO haina Scotland, nenda ScotlandsPeople, tovuti yao ya kumbukumbu, na kule saa ya kuzaliwa wanaiandika kwa kila mtoto, msianze kutafuta mapacha. Ukibahatika mtu wako awe kazaliwa 1855, mwaka wa kwanza wa usajili wao, utakuta umri wa wazazi, walikozaliwa, lini na wapi walioana, hadi watoto wengine, mwaka uliofuata wakapunguza maana ilikuwa kazi mno. Ireland ndo wametushinda wote, irishgenealogy.ie picha za vizazi vya kuanzia 1864 ni bure kabisa kama vimeshapita miaka 100, hakuna hata akaunti.