Seti ya zana za moto ya 185,000 na rimu ya lori ya 35,000

Mzee wangu alihamia kwetu Buswelu, hapa Mwanza, mwezi wa tano mwaka jana, baada ya kupasuliwa goti. Wiki ya kwanza alivumilia. Wiki ya pili, ikifika saa moja jioni, akaanza kuuliza: "Moto wenu uko wapi?" Msukuma wa rika lake siku yake haijaisha bila shikome, ule moto wa uani ambao wazee na vijana huuzunguka wakiota na kuzungumza. Sisi tunapikia gesi. Hata mafiga hatukuwa nayo.

Najua mtu wa Dar atacheka akisikia Mwanza kuna baridi. Lakini ziwa letu lipo zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Juni na Julai, anga ikiwa haina wingu, mtu wa miaka 78 anavaa koti na bado anafikicha viganja.

Basi nikaingia kwenye simu kutafuta vifaa, na hapo ndipo nilipopigwa. Picha ilikuwa nzuri mno: sebule ya Ulaya, moto ndani ya ukuta, na pembeni stendi nyeusi imening'iniza zana nne: kibano cha magogo, kijikoleo cha majivu, chuma cha kuchokolea na brashi. Seti hiyo 185,000. Nikaongeza kikapu cha chuma cha kuwekea kuni, 95,000, na kipimo cha unyevu wa kuni, 60,000. Muuzaji akanishawishi na boksi la vidonge vya kuwashia, 22,000. Mzigo ukaja kwa basi, nikaufuata stendi ya Nyegezi nikiwa na furaha kama nimepokea mahari.

Brashi ilikufa siku ya tatu. Nywele zake ni za plastiki! Nilifagia majivu niliyodhani yamepoa, zikajikunja na kugandana kuwa donge moja linalonuka kama waya ulioungua. Nilipomlalamikia muuzaji akajibu kwamba brashi ni ya majivu ya baridi. Kweli, lakini majivu ya baridi nayafagia na chelewa.

Kibano ndicho kilichoniudhi zaidi. Kimeunganishwa kwa ribiti moja nyembamba, na ncha zake ni laini, hazina meno. Gogo la mwembe lenye unene wa paja la mtoto ukilinyanyua, linazunguka. Jioni moja liliniponyoka, likatua sentimita chache kutoka kwenye katambuga za Mzee. Hakusogea. Alikitazama kile kibano, akasema, "Hiki ni cha kugeuzia maandazi." Kijikoleo nacho kinabeba majivu ya kujaza kikombe. Chuma cha kuchokolea sina neno nacho, ila kipande cha nondo kinafanya kazi ileile. Vidonge vinawaka vizuri na vinanuka mafuta ya taa. Kimoja kwa kila moto, hesabu mwenyewe kwa mwezi. Siku hizi tunawashia magunzi ya mahindi yanayoletwa na ndugu kutoka Kwimba kwenye gunia, bure.

Sasa niseme kuhusu kipimo cha unyevu, maana hicho sikukijutia, ingawa nacho kilinifundisha kitu ambacho ningekipata nyumbani bila kulipa.

Moto wetu ulikuwa unatoa moshi mwingi na joto kidogo. Kuni zinalia "shiii", povu linatoka kwenye ncha, sisi tunafuta machozi. Nikadhani tatizo ni zana, nikataka kuagiza na feni ya kupuliza. Kabla ya hapo nikazichoma kuni na vile visindano viwili vya kipimo: asilimia 34. Kuni nzuri ya kuota inatakiwa iwe chini ya 20. Mti uliokatwa leo, karibu nusu ya uzito wake unaweza kuwa maji, na hayo maji lazima yachemke yatoke kwanza kabla gogo halijakupa joto la maana. Kwa hiyo nilikuwa nanunua kuni barabarani kwa bei ya kuni, halafu nazitumia kuchemsha maji yaliyomo ndani yake.

Mzee alinitazama nikichomachoma magogo, akachukua mawili akayagonganisha. "Du." Akachukua mengine mawili yaliyokuwa yamekaa juu ya banda tangu mwaka juzi. "Kwa!" Nikayapima: 16. Tukaendelea hivyo na rundo zima, yeye akigonga, mimi nikipima, na katika magogo kama ishirini alikosea moja tu. Hata hilo alibisha, akasema betri yangu imechoka.

Tangu hapo hela zangu zinakwenda kwenye kuni. Nanunua mwezi wa nne au wa tano za kutumia mwaka unaofuata, nazipasua mapema maana gogo zima linakauka kwa kuchelewa, nazipanga juu ya matofali zisiguse ardhi. Juu nimeweka bati mbili. Pembeni nimeacha wazi upepo upite. Mwanzoni nilikuwa nafunika kila upande kwa turubai, zikaota ukungu.

Kuhusu mahali pa kuwashia: kiwanja changu kina jabali, kama viwanja vingi vya Mwanza. Nikaona ujanja ni kuwasha moto ubavuni mwa jabali ili jiwe litunze joto. Usiku wa nne likalia "pa!", kigae cha ukubwa wa sahani kikabanduka. Nilikuwa nimesahau kwamba wapasua kokoto wa hapa hapa mjini huwasha moto juu ya jiwe makusudi ili lipasuke.

Nikaenda kwa fundi wa kuchomelea pale Mabatini. Kwa 35,000 alinipa rimu kuukuu ya lori, akaipachika miguu mitatu ya nondo na kuitoboa matundu ya hewa chini. Kwa 8,000 nyingine akanitengenezea kibano kirefu chenye meno. Gogo likiumwa pale halitoki. Juu ya rimu inakaa sufuria ya maji ya kuoga, hivyo moto wa Mzee unahudumia watu watano kabla ya kulala.

Nilipoiweka rimu ilinisumbua kidogo. Mchana upepo unatoka ziwani, nikaipanga kwa kufuata huo. Usiku unageuka, unavuma kutoka nchi kavu kuelekea ziwani, na ikifika saa tatu moshi wote ulikuwa sebuleni. Nikaihamishia upande wa pili wa ua.

Fundi wa ujenzi jirani alinishauri nijenge moto wa ukutani sebuleni, wenye bomba la moshi, kama ule wa kwenye picha. Sitaki. Hata huko kwenye baridi ya kweli, moto wa wazi wa ukutani joto lake jingi hupanda na bomba likapotelea juu. Na mara moja Mzee alitaka makaa yaingizwe chumbani kwenye karai. Tuligombana hasa. Makaa kwenye chumba kilichofungwa yanatoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu, mtu analala haamki. Tulimaliza kwa chupa ya maji ya moto iliyofungwa soksi, na sasa haombi makaa tena.

Kama mnataka nyota: seti ya zana, nyota moja kati ya tano, na hiyo ni ya stendi. Kipimo, nne. Vidonge, mbili. Rimu, tano. Stendi inasimama karibu na mlango, Mzee anatundika fimbo yake na kofia. Kikapu cha kuni cha 95,000 kiko bandani; kuku mwekundu amekipenda, na hadi jana alikuwa na mayai saba ndani yake.