TAHADHARI: Anauza meza za kuparia samaki kwenye boti, anajiita fundi. Msimpe hata shilingi

Jamani watu wa maboti, Unguja na Pemba, someni hii kabla hajafika dikoni kwenu. Kuna jamaa anapita na meza za kuparia samaki, zile za kufunga tezini, nyuma ya boti, anasema ni stenlesi 316, ile inayostahimili chumvi ya bahari, na dhamana ya miaka mitano. Mwizi huyo. Narudia, mwizi.

Boti yangu ya wageni mnaijua, na meza niliitaka ili damu ya samaki isiingie tena kwenye viti vya wageni, ile kesi sina haja ya kuisimulia tena. Huyu bwana kanijia Wesha, huku Pemba, asubuhi, kanzu safi, salamu ndefu, akamuuliza hali mzee wangu kwa jina lake. Sasa mtu anayemjua mzee wako utamdhania nini? Akaitua meza juu ya tangi la maji, akatoa sumaku mfukoni. "Sheikh wangu, jaribu mwenyewe." Nikaishika kwa mkono wangu huu, nikaipachika kwenye bamba la meza, ikateleza ikaanguka mchangani. Akaichukua akaitia kwenye nanga yangu, ikanata tap! "Umeona? Kile kinachonata ndicho kitakacholiwa na kutu." Halafu akachukua samaki, changu mmoja, kwenye ndoo yangu mwenyewe, akampara pale pale, akamwagia maji ya bahari, akapangusa kwa kitambaa, meza inang'aa. Vijana wote wa pale wakasema chukua. Kuna nahodha mmoja mkubwa tu, simtaji, naye alikuwa anauliza bei, kwa hiyo leo asijifanye alikuwa na shaka.

Ikawa 450,000 pamoja na kufunga. Nikasema natanguliza nusu. Hakubisha hata kidogo, akaanza kukusanya vitu vyake polepole, akasema hamna neno, ila hii kuna mtu Mkoani keshaiulizia. Nikamrushia zote kwa simu.

Ilipoadhiniwa adhuhuri akatwambia nendeni mkaswali, mie msafiri, yangu nitaichanganya na alasiri. Yarabi! Kututoa dikoni kwa adhana! Tuliporudi meza imeshafungwa na imeviringishwa nailoni ya buluu toka juu mpaka miguuni. "Usiibandue mpaka silikoni ikauke vizuri." Nani hapa angeibandua? Hata friji mpya inakaa na nailoni yake mwaka mzima, na wengine mnazo mpaka leo.

Siku meza ilipong'oka tulikuwa nje na wageni, kusi linavuma, nguru mzima juu ya meza na kisu nimeshatia shingoni. Wimbi moja la ubavuni, wala si kubwa, ikaondoka. Meza, nguru, kisu cha mzee, vyote vikaingia baharini, na mimi nikabaki nimeinama mikono hewani. Mgeni alikuwa anarekodi. Sasa kila nikishuka dikoni, watoto wananiuliza: "Mzee, meza hujambo?"

Mguu mmoja ulibaki unaning'inia. Nikabandua nailoni, nikaona chuma cha kawaida kilichopigwa rangi ya fedha, na kutu imeshaanza kuchomoza. Sumaku ikanata bila ya kuambiwa. Yaani ile tuliyoijaribu siyo aliyoifunga! Na kafunga kwa skurubu fupi zimeuma faiba, ganda la boti, tu, hamna bolti iliyopita, hamna nati wala bamba la kukamata kwa chini. Matundu kayaziba kwa silikoni ya kuzibia vioo vya madirisha. Mbao iliyomo ndani ya ukingo imeshakunywa maji, fundi wa faiba anasema lazima ukingo ukatwe, na hiyo ni pesa nyingine.

Huyu mtu afungwe. Akitoka afungwe tena. Atembezwe madiko yote toka Mkokotoni mpaka Kizimkazi, kisha Tumbe, na ile meza kaibeba kichwani, kila diko wampe samaki ampare, na asilipwe. Simu yake haipatikani, kwa sheha nimekwenda, kituoni nimekwenda, wakaniuliza risiti. Risiti ya mtu wa kanzu!

Anayetaka meza basi: sumaku uishike wewe, na uijaribu ile iliyokwisha kufungwa, miguuni na chini yake. Hata ikiteleza, haikuhakikishii kuwa ni 316, maana 304, stenlesi ya kawaida, nayo kwa kawaida haishiki sumaku na chumvi inaitoboa upesi zaidi. Bolti zipite mpaka chini, uone nati. Nailoni itoke mbele yake. Usiondoke anapotoboa boti yako, hata akikukumbusha sala.

Ni mrefu, mweupe kidogo, ana gari ndogo ya mizigo ya kukodi, anaita kila mtu sheikh. Mara ya mwisho kaonekana upande wa Wete. Aliyeko huko akimwona anitumie ujumbe haraka. Na wenye ile video, naomba muifute.