Mafunzo ya Biblia ya Jioni, Bagamoyo: Kuitii Mamlaka na Kuikaidi

Mafunzo haya yanatolewa na kanisa moja la hapa mjini Bagamoyo, na waumini wa madhehebu yote wanakaribishwa. Hakuna kiingilio, mshiriki hulipia kijitabu tu, ambacho ni kurasa za fotokopi zilizobanwa kwa pini. Mada ni ile ambayo wahubiri wengi huikwepa: inakuwaje Biblia imwagize mtu aitii serikali, na Biblia hiyohiyo iwasifu watu waliovunja amri za wafalme?

Sifa ya kwanza naitoa kwa mpangilio wa kijitabu. Kila ukurasa una safu mbili, maandiko ya utii upande wa kushoto na maandiko ya ukaidi upande wa kulia, bila maelezo yoyote, ili msomaji aukabili mgongano kabla hajapewa jibu. “Kila mtu na aitii mamlaka iliyo kuu,” anasema Paulo katika Warumi 13, mkabala wake Petro na mitume wanalijibu baraza katika Matendo 5:29, “Imetupasa kumtii Mungu kuliko wanadamu.” Jambo linalouongeza uzito mgongano huo ni kwamba Petro huyohuyo, katika waraka wake wa kwanza, anawahimiza waumini wampe heshima mfalme.

Mwinjilisti anayefundisha ameiva katika somo lake. Anaeleza kwamba Warumi iliandikwa yapata mwaka 57, Nero akiwa Kaisari, na ilipelekwa katika mji ambao Klaudio alikuwa amewafukuza Wayahudi miaka michache tu nyuma, kama Matendo 18:2 inavyokumbusha. Kwa kanisa la namna hiyo, fujo kuhusu kodi ingeweza kuleta maafa mapya. Kisha anaonyesha kwamba mtawala katika Warumi 13 anaitwa mtumishi wa Mungu, na mtumishi hana budi kuwa na bwana wa kumtolea hesabu. Tena Paulo mwenyewe, alipokuwa Filipi, alikataa kuondoka gerezani kimyakimya, akawataka mahakimu waje wamtoe kwa kuwa walikuwa wamempiga, naye ni raia wa Rumi, bila kumhukumu. Kwa maoni yangu maelezo hayo yanatosheleza.

Katika kikao cha kitabu cha Kutoka, mama mmoja aliyekaa mstari wa mbele alisimama akauliza, “Mwinjilisti, Shifra na Pua walimdanganya Farao, na Mungu akawatendea mema. Uongo wao tuuweke wapi?” Mwalimu alimwomba asome tena sura ya kwanza kwa sauti, polepole, mpaka darasa zima likasikia kwamba sababu inayotajwa ya wazalisha hao kutendewa mema ni kumcha kwao Mungu, wakakataa kuua watoto. Kuhusu uongo wenyewe alikiri kwamba sura hiyo haitoi hukumu, na hakujaribu kuiongezea.

Uaminifu huo ulionekana zaidi katika habari za Yehu, jemadari wa Israeli, ambazo ndizo zilizonivutia kuliko zote. Daudi, ingawa alikwisha kutiwa mafuta, alichomwa moyo kwa kukata tu upindo wa vazi la mfalme Sauli. Lakini katika 2 Wafalme 9 ni nabii Elisha anayetuma mtu akamtie Yehu mafuta, na Yehu anamuua mfalme Yoramu. Sura ya 10 inamsifu na kuwaahidi wanawe kiti cha enzi hadi kizazi cha nne, ilhali Hosea 1:4 inatangaza kwamba nyumba yake itapatilizwa kwa damu ya Yezreeli. Mwinjilisti alisema kwamba mtu anaweza kutumwa kuuangusha utawala mwovu na bado akadaiwa damu aliyoimwaga, kisha akawaachia washiriki wabishane, nao walibishana hadi giza likaingia.

Kasoro kubwa ni somo la utumwa, lililosongwa katika nusu saa ya mwisho. Waefeso 6:5 inawataka watumwa wawatii mabwana zao, Kumbukumbu la Torati 23:15 inakataza kumrejesha mtumwa aliyetoroka, na Paulo anamrudisha mtumwa Onesimo kwa bwana wake Filemoni, huku akiomba apokewe kama “zaidi ya mtumwa, ndugu mpendwa.” Kulipitisha somo hili haraka katika mji huu kulinihuzunisha. Bagamoyo ndipo misafara kutoka bara ilipoishia, na ndipo Mapadri wa Roho Mtakatifu walipofungua misheni mwaka 1868 na kujenga kijiji cha waliokombolewa, ambao wengi wao walinunuliwa kwa fedha, yaani kwa kufuata sheria ya soko lilelile la watumwa. Je, mtoro angebisha hodi usiku bila kununuliwa na mtu, na bwana wake akafika asubuhi kumdai, ni andiko lipi lingeshika? Swali hilo lilistahili kuulizwa hapa kuliko mahali pengine popote, na halikuulizwa. Ufunuo 13, ambako mamlaka inaonekana kama mnyama atokaye baharini, haukuguswa kabisa.

Anayetaka kuhudhuria awahi viti vya mbele, kwa kuwa hakuna kipaza sauti, na achukue Biblia yake, maana herufi za kijitabu zimefifia. Waandaaji nawaomba waupe utumwa jioni yake yenyewe, na wawaagize washiriki wausome waraka wote wa Filemoni kabla ya kuja. Una mistari 25 tu.