Fairphone 5: kava linafunguka kwa ukucha, spea ziko Ulaya

Wadau, karibuni. Hii mkononi ni Fairphone 5, ya kampuni moja ya Amsterdam, Uholanzi. Ilitoka 2023 kwa yuro 699. Sogezeni kamera hapa kwenye kona: naingiza ukucha, kava linaachia. Betri hii hapa, inatoka kwa kidole. Hakuna gundi, hakuna blowa. Kioo, kamera, tundu la chaji, vyote vimekazwa kwa skrubu za kawaida, unavitoa kwa bisibisi ndogo ya nyota. iFixit, tovuti inayopima urahisi wa kutengeneza vifaa, waliipa 10 kwa 10, na kwa hilo siwabishii.

Sasa gharama yake. Ni nene, inakaribia milimita 10. Kinga ya maji ni IP55, yaani manyunyu ya mvua sawa, ikitumbukia kwenye ndoo shauri yako. Prosesa ni QCM6490, ambayo Qualcomm, watengenezaji wa chipu, waliilenga mitambo ya viwandani. Ilichaguliwa kwa sababu inahudumiwa miaka mingi, ndiyo maana kampuni imeahidi masasisho mpaka 2031. Lakini ukiwa mtu wa magemu, kwa hela hiyo unapata simu yenye mbio zaidi. Na tundu la earphone hawakuweka! Simu inayojinadi kuwa haitupi vitu ovyo, inakulazimisha kutafuta adapta au kuacha earphone zako za waya.

Ilitolewa pia ikiwa na /e/OS, yaani Android iliyoondolewa huduma za Google. Badala yake kuna microG, programu huria inayofanya kazi ya huduma hizo, na programu unazichukua App Lounge, duka lake la programu, bila kufungua akaunti ya Google. Kuna ukurasa unaokuonyesha kila programu inayokuchungulia, na ukiuangalia utashangaa. WhatsApp inafanya kazi. Kasheshe ni programu za benki: baadhi hukagua kama mfumo umeidhinishwa na Google, zikikuta sivyo zinagoma kufunguka. Kwa M-Pesa bado una pa kukimbilia, maana *150*00# haiulizi unatumia mfumo gani.

Mnaniuliza, ninunue? Ukiwa Uholanzi au Ujerumani, chukua. Betri mpya iliuzwa kama yuro 40, kioo kama yuro 100, unaagiza na kubadili mwenyewe mezani. Ukiwa Dar, mimi ningekwambia acha. Kampuni inauza hasa Ulaya, kwa hiyo kioo kikipasuka unaanza kutafuta mtu wa kukubebea kwenye begi. Wakati huohuo Tecno au Samsung ya bei ya kati, iliyojaa gundi kila upande, fundi wa Kariakoo anaibandua na kuirudisha siku hiyohiyo, kwa sababu kioo chake kinaning'inia dukani nyuma yake.

Kwa hiyo kabla hujalipia simu yoyote, pitia kwanza kwa fundi wako umuulize kioo chake bei gani, na kama anacho.